Kwa Nini Mtu Achague Uwanja Mgumu?

Katika gofu ya visahani mchezaji hurusha kisahani cha plastiki mpaka kitue ndani ya kapu la chuma lenye minyororo. Kikianguka njiani, anarusha tena kutoka pale kilipoangukia, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Mtu aliyebuni kapu hilo, Ed Headrick, ndiye aliyechora uwanja wa Oak Grove huko California, Marekani, mwaka 1975. Miti na miteremko huachwa kwa makusudi iwe vikwazo, na wazoefu wa mchezo huu hufunga safari kutafuta uwanja wenye msitu na mabonde.

Lakini kama shida ni kisahani kuingia kapuni, mbona asitembee tu akakitumbukize kwa mkono? Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, anajibu kwamba kucheza ni kujitakia kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kanuni zinazoifunga njia rahisi ndizo zinazoufanya mchezo uwepo. Ukiondoa ugumu, umeondoa mchezo wenyewe.

Jibu hili linanipendeza, ila linaonekana kugongana na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae, swali la 168 la Sehemu ya Pili ya Pili, anafundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho. Anakumbusha kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake, naye akamwuliza mwenye upinde kama angeweza kupiga mishale bila kukoma. Upinde ungevunjika, akajibiwa. Sasa anayepanda vilima huku jasho likimtoka anapumzika namna gani? Nadhani Thoma anasema juu ya uchovu unaotokana na kazi ya akili. Aliyetoka kwenye mtihani wa metafizikia akaenda moja kwa moja kusakata kandanda anajua kuwa miguu huchoka huku kichwa kikipumzika.

Kwetu Moshi, neno zito katika jibu la Suits ni "hiari". Itazame njia ya Machame. Mgeni anapanda kuelekea Uhuru, mita 5,895, wala hakuna kitu anachokwenda kuchukua kule juu. Kwa maana ya Suits, anacheza. Pembeni yake yupo mpagazi, na mzigo ambao kwa kanuni za hifadhi usizidi kilo 20. Mteremko ni uleule na baridi ni ileile, lakini huyu anatafuta riziki. Thoma anaonya kwamba furaha ya mchezo isitafutwe katika matendo yenye madhara. Kwa hiyo mchezo wa mgeni unaharibika pale mpagazi anapolipwa pungufu au kulazwa kwenye hema linalovuja, hata kama mgeni mwenyewe amefika kileleni.

Utaniambia: mpagazi naye alikubali kwa hiari. Aristoteli, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anatupa mfano wa watu wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Wanatenda kwa hiari, lakini hakuna anayetaka kutupa mali kwa ajili ya kutupa tu. Hiari ya mpagazi anayekubali ujira wowote iko karibu na hiyo kuliko ile ya mchezaji anayechagua uwanja wenye mabonde.