Upungufu wa nguvu za kiume: Tiba zipo, anza kwa kupima

  

Somo la leo wengi hulisoma kwa kificho na kulikunja gazeti mtu akipita. Nakuomba ulisome wazi, na ukimaliza umpe mwenzi wako. Katika dini yetu haya ni sehemu ya imani, lakini haya haikuwekwa iwe kizuizi cha kujifunza. Bibi Ummu Sulaym (RA) alimwendea Mtume (SAW) kumuuliza kuhusu josho la mwanamke aliyeota ndoto, akatanguliza kusema kwamba Allah haoni haya katika jambo la haki. Naye alijibiwa, hakukemewa.

Mgonjwa wa asali

Katika zahanati ninayofanyia kazi alikuja bwana mmoja wa miaka 46, mfanyabiashara wa nguo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia: "Daktari, mimi nimefungwa." Kwa miezi minane alikuwa hawezi kumwendea mkewe. Alikwisha kwenda kwa waganga watatu na pikipiki yake aliiuza. Mkewe amehamia chumba cha watoto, na shemeji zake wameanza kutaja habari ya kwenda kwa Kadhi. Mfukoni alikuwa na kijikaratasi cha unga alioununua stendi, na kila asubuhi alikuwa akila vijiko vitano vya asali "kurudisha nguvu".

Katika muda wa saa moja aliokaa nasi alitoka mara mbili kwenda kukojoa, na aliomba maji ya kunywa mara mbili. Nikamwambia, "Kaka, kabla ya kuzungumza habari ya kufungwa, tupime sukari." Alikuwa hajala kitu tangu usiku. Sukari ilisoma 17, wakati kipimo cha mtu aliyefunga kikifika 7 tu tayari ni cha kisukari.

Ndugu msomaji, asali imetajwa katika Qur'an kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na hilo hatulitilii shaka. Lakini mwenye kisukari asiyejijua, akila vijiko vitano kila asubuhi, anajiongezea sukari katika damu iliyokwisha kujaa sukari. Kutojua ndiko kulikomdhuru.

Tutenganishe mambo manne

Watu husema "nguvu za kiume" wakikusudia mambo tofauti. La kwanza ni kukosa hamu ya tendo la ndoa. La pili ni uume kutosimama, au kusimama kisha kulegea kabla ya haja kutimia. La tatu ni kumaliza haraka. La nne ni kukosa mbegu za uzazi, yaani utasa. Kila moja lina chanzo chake na tiba yake. Leo tunazungumzia la pili.

Kushindwa siku moja kwa uchovu, hofu au mawazo si ugonjwa. Tunaita maradhi pale hali inapoendelea kwa miezi mitatu au zaidi. Wala mwenye hali hii hayuko peke yake. Katika utafiti uliofanyika Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, zaidi ya nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani, wengi wao kiwango kidogo au cha kati. Basi mgonjwa asiitwe hanithi, wala asitaniwe barazani.

Kwa nini hutokea

Uume husimama kwa damu. Mtu anapopata hamu, mishipa ya fahamu na kuta za mishipa ya damu hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi. Hewa hiyo huilegeza mishipa, damu ikaingia kwa wingi na kuzuiwa isitoke. Waliogundua kazi ya hewa hii katika mishipa ya damu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Kwa hiyo kila kinachoharibu mishipa ya damu au ya fahamu huharibu na jambo hili: kisukari, shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu, unene, sigara na pombe. Huzuni na wasiwasi pia huzuia. Vilevile zipo dawa zinazoweza kuleta hali hii, kama baadhi ya dawa za presha na za sonona. Ukihisi dawa yako ndiyo sababu, usiiache mwenyewe, kwani presha ikipanda ghafla inaweza kukupooza. Mwambie aliyekuandikia akubadilishie.

Ipo alama moja ya kusaidia. Ikiwa uume husimama wenyewe alfajiri lakini hushindwa mbele ya mke, mara nyingi chanzo ni fikra, hofu au ugomvi wa nyumbani. Ikiwa hausimami wakati wowote, na hali ilikuja polepole, shuku maradhi ya mwili.

Taa nyekundu ya moyo

Hapa naomba usome kwa makini. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, na ile inayolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Uchafu wa mafuta unapoanza kuziba mishipa, iliyo myembamba huonyesha dalili kwanza. Ndiyo maana kwa wanaume wengi upungufu huu hutangulia maradhi ya moyo kwa miaka 2 hadi 5. Anayenyamaza na kununua unga wa stendi amezima taa ya hatari na kuendelea na safari.

Basi tiba ya kwanza ni kupima: sukari, shinikizo la damu, mafuta ya damu na uzito. Kwa aliyepungukiwa na hamu pia, hupimwa homoni ya testosteroni, nayo hupimwa asubuhi. Mweleze tabibu wako ukweli wote, na dawa zote unazotumia. Wanachuoni wetu wameruhusu kufunua uchi mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja, na mwanamume kutibiwa na mwanamume ni bora anapopatikana.

Tiba kwa daraja zake

Daraja la kwanza ni mwenendo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Italia wa wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Nusu yao walisimamiwa kwa karibu kupunguza chakula na kufanya mazoezi kwa miaka miwili. Katika hao 55, watu 17 walirudi katika hali ya kawaida bila kidonge. Katika nusu ya pili, waliopewa maelezo ya jumla tu, walirudi 3. Kwa hiyo tembea kwa miguu kwenda msikitini, punguza wali wa usiku na soda, acha sigara na mirungi. Pombe tumekwisha katazwa.

Daraja la pili ni mazungumzo. Ikiwa chanzo ni hofu au ugomvi, kidonge hakitapatanisha. Mume na mke wakae pamoja na mshauri mwenye elimu na siri, na kwa muda waondoe shinikizo la kwamba lazima jambo litimie usiku ule.

Daraja la tatu ni vidonge. Sildenafili, ambayo wengi huijua kwa jina la Viagra, ilitafitiwa kwanza Uingereza kama dawa ya maumivu ya moyo, ikaruhusiwa kwa tatizo hili huko Marekani mwaka 1998. Ikafuata tadalafili, iitwayo Cialis. Dawa hizi hazileti hamu. Huisaidia tu ile naitriki oksaidi kufanya kazi yake, kwa hiyo bila hamu na matayarisho hazifanyi kitu. Sildenafili kwa kawaida huanzwa na miligramu 50, saa moja kabla, na si zaidi ya mara moja kwa siku. Chakula chenye mafuta mengi huichelewesha. Tadalafili hudumu mpaka saa 36, na katika Ramadhani mtu anaweza kuimeza baada ya kufuturu bila ya saumu yake kuguswa. Mtu asiseme dawa imeshindwa kabla ya kuijaribu ipasavyo angalau mara sita. Maudhi yake ni kuumwa kichwa, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia.

Lakini zipo hatari. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, hasa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, ni marufuku kabisa kutumia vidonge hivi. Presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa. Hali kadhalika, ukiwa umemeza vidonge hivi kisha ukashikwa na maumivu ya kifua, waambie wanaokutibu bila kuona haya, maana maisha yako yapo katika neno hilo moja. Mwenye selimundu, anayetumia dawa za tezi dume, na anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, asimeze mpaka aongee na daktari. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hiyo ni dharura. Nenda hospitali usiku huohuo, usingoje alfajiri.

Testosteroni nayo ni tiba kwa yule tu ambaye kipimo kimeonyesha upungufu. Ukichomwa ovyo hupunguza mbegu za uzazi, na aliyetaka nguvu akaishia kukosa mtoto.

Daraja la nne ni kwa ambao vidonge havikuwafaa au vimekatazwa kwao. Ipo pampu ya kuvuta hewa inayovuta damu kuingia, kisha pete ya mpira huwekwa kwenye shina la uume, isizidi dakika 30. Ipo pia sindano ndogo ya dawa iitwayo aliprostadili, ambayo mgonjwa hufundishwa kujichoma ubavuni mwa uume. Hufanya kazi ndani ya dakika 5 hadi 20. Sindano iwe mpya kila mara, mikono na mahali pa kuchoma pasafishwe.

Daraja la tano ni upasuaji wa kuweka vipandikizi ndani ya uume. Hili ni la mwisho, kwa sababu likifanyika hakuna kurudi nyuma, na si kila hospitali inaliweza. Atakayefikia hapo azungumze na bingwa wa maradhi ya njia ya mkojo, na amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Vumbi na unga wa stendi

Sisemi kila dawa ya asili ni mbaya. Allah ameweka dawa katika miti. Lakini unga usio na jina, kipimo wala mwenye kuuwajibikia, kama hilo linaloitwa vumbi la Kongo, hujui unakula nini. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetangaza mara nyingi bidhaa zilizouzwa kama "asilia" ambazo zilipopimwa zilikutwa na sildenafili iliyofichwa ndani. Fikiri mgonjwa wa moyo anayemeza hiyo akidhani ni mizizi. Ukitaka tiba asili, mwendee mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na umweleze tabibu wako pia.

Mwaka mmoja wa Kadhi

Sharia imempa mke haki yake katika jambo hili. Mwanamume aliyeshindwa kabisa, mkewe akashitaki, wanachuoni wengi wamesema Kadhi ampe mwaka mmoja, kwa kufuata hukumu iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (RA). Wamesema hekima yake ni kupitiwa na misimu yote minne, huenda hali ikabadilika pamoja na hali ya hewa. Mwaka ukipita bila mabadiliko, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe.

Angalia, ndugu yangu, ukubwa wa huruma hii kwa pande zote mbili. Mke hakuambiwa avumilie milele, wala mume hakufukuzwa siku ya kwanza. Leo tuna vipimo na dawa ambavyo watu wa zama zile hawakuwa navyo. Basi mwaka huo usiumalize kwa wachuuzi na waganga wa majini. Mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kama wajitibie, aliwaamrisha wajitibie, akawaeleza kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na wewe dada, kabla ya kuhamia chumba cha watoto, mshike mkono mumeo mwende kupima pamoja. Huenda unayemwona hakutaki ni mgonjwa anayeogopa.

Yule bwana wa nguo tulimwanzishia dawa za kisukari na mpango wa chakula. Asali aliiacha. Mara ya pili alikuja na mkewe, nikawaeleza wote wawili. Baada ya miezi kadhaa, sukari ikiwa imeshuka, na baada ya kuhakikisha moyo wake ni salama, alianza kidonge kwa kipimo. Sitasema amekuwa kijana wa miaka 20. Lakini habari ya kwenda kwa Kadhi imekwisha, na aliponiaga mara ya mwisho hakunong'ona.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutaangalia kisukari na utunzaji wa miguu kwa anayetawadha mara tano kwa siku. Wabillahi tawfiq.