Orodha ya Kikundi Ndani ya Kompyuta

Tukitembelea vikundi siku hizi tunaona makatibu wengi wanapeleka daftari la wanachama kupigwa chapa kwa saiba. Ni vizuri. Lakini jameni, katibu akishalipa na kwenda zake, ile orodha inabaki wapi? Inabaki palepale kwa mashine, majina, namba za kitambulisho na za simu, na mteja anayefuata anaweza kuifungua.

Mnakumbuka Juni 2021, Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa bila kuulizwa. Kumbe namba ya kitambulisho ina miguu.

Kwa hivyo katibu ajifunze kwa mkono wake mwenyewe, si kumtazama tu kijana wa saiba: kuhifadhi faili kwenye flashi ya kikundi, kuifunga kwa neno la siri, kufuta nakala iliyobaki, na kuifuta tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Kufuta mara moja ni kuificha chini ya mkeka tu.

Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mwanachama ana haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani.

Jadilianeni: Mgeni akija kuomba orodha yenu “ya mradi”, nani ana ruhusa ya kumpa?