Mahindi Mawili, Haragwe Moja: Hesabu ya Watoto Wadogo



Vikundi vyenye nasari vimekuwa vikituuliza swali moja kila tunapowatembelea. Kwa nini mtoto anahesabu mpaka mia moja bila kukosea, lakini ukimtuma alete vikombe saba analeta vinne? Safari hii tujaribu kulijibu.

Katika kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea, alikuwako kijana wa miaka sita aliyekuwa hivyo hivyo. Aliimba namba vizuri kuliko wenzake, lakini vitu vyenyewe vilimshinda. Mamake alikuwa ameambiwa ya kwamba mtoto ni mzito na huenda akarudia PP2. Mama wa watu alivunjika moyo, akawa anafikiria amtoe shuleni amsaidie nyanya yake kuchunga mbuzi. Sisi pia tulikuwa na makosa. Miezi mingi tuliwahimiza walimu wafundishe kuimba namba, kwa maana wageni wakija inapendeza masikioni. Lakini kuimba namba si kuhesabu. Mtoto anaweza kuimba “moja mbili tatu” asijue kwamba kila namba inasimama badala ya kitu.

Siku moja tulimuuliza nyanya yake kama kijana huyu huwapoteza mbuzi. Akacheka. Alisema mbuzi mmoja tu akikosekana jioni, mtoto anajua kabla hata ya kuhesabu, na anajua ni yupi. Basi akili haikukosekana. Kilichokosekana ni daraja la kutoka kwa mbuzi mpaka kwa namba.

Daraja hilo tulilijenga kwa mbegu. Panga chini hindi, haragwe, hindi, haragwe, kisha mwulize mtoto, “Nini kinafuata?” Hata wa miaka minne anaweza. Akizoea, ongeza ugumu: hindi, hindi, haragwe, hindi, hindi, haragwe. Kisha mwambie afumbe macho, nawe ubadilishe mbegu moja. Akifumbua, atafute kosa liko wapi. Hapo ndipo kijana wetu alipotushangaza. Aliliona mara moja, kama anavyoona mbuzi aliyekosekana.

Sasa fuata hatua ambayo walimu wengi huiruka. Mwambie mtoto aubadilishe mpango ule ule uwe sauti: hindi ni kofi, haragwe ni kukanyaga chini. Kofi, kofi, kanyaga. Mbegu hazipo tena, lakini mpango ni ule ule. Mtoto akielewa hivyo, ameelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine, na namba si kitu kingine ila hiyo. Wamama wanaosuka vyondo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mistari ya chondo iko kichwani mwao, na msusi akikosea uzi mmoja anafumua mpaka pale pale. Basi waiteni nasari waonyeshe kazi yao. Mara nyingi huwa tunawaita kupika uji tu.

Kwa wale wakubwa kidogo, uliza hivi: Katika mpango wa mahindi mawili na haragwe moja, mbegu ya tisa itakuwa gani? Waache wapange na kuhesabu. Watakuta ni haragwe. Ya kumi na mbili je? Haragwe tena. Baada ya muda mmoja atasema haragwe huangukia ya tatu, ya sita, ya tisa, na kadhalika. Basi mwulize ya ishirini bila kupanga. Ya kumi na nane ni haragwe, kwa hivyo ya kumi na tisa na ya ishirini ni mahindi. Huyo ameanza kuzidisha kwa tatu na hajaogopa.

Mchezo wa pili ni wa siri, na watoto wanaupenda sana. Kidole kimoja ni A, viwili ni E, vitatu ni I, vinne ni O, vitano ni U. Mtoto hahitaji kujua kuandika, asikie sauti tu. Mwalimu anaonyesha kidole kimoja, kisha vitatu: ma-ji! Kimoja na kimoja: ma-ma. Lakini mwingine atapiga kelele, “Ni baba!” na mwingine, “Ni kaka!” Wote wamesema kweli. Usiwakataze, kwa maana hapo pana somo.

Sisi tulionyesha vitano halafu vitatu, tukitaka kuni. Mmoja akaonyesha kidole kwa mbuzi aliyefungwa nje. Mwingine, njaa ikimsumbua, akasema uji. Ku-ni, mbu-zi, u-ji: zote ni tano-tatu. Tukawauliza watoto, tufanyeje ili tusichanganyikiwe? Wakatunga sheria wao wenyewe. Kitu kinachotembea, piga kofi kwanza. Kinacholiwa, gusa tumbo. Vingine, gusa chini. Ikazuka kesi: mbuzi naye si analiwa? Walibishana mpaka saa ya uji ikapita, wakaamua mbuzi akiwa hai apigiwe kofi. Tumehudhuria mikutano ya kamati isiyofikia uamuzi mzuri namna hiyo.

Mchezo wa tatu unataka vizibo vya soda. Kizibo kimoja kina habari mbili: kikitazama juu, mama yuko shambani, kikitazama chini, mama yuko mtoni. Vizibo viwili vikipangwa kushoto na kulia, vinaleta habari nne. Waache watoto wazitafute wenyewe. Vitatu vinaleta nane. Mama mmoja ambaye hakuwahi kusoma shule alikuwa akitazama huku anamenya viazi, akasema, “Basi kila kizibo kinazidisha mara mbili.” Ndivyo ilivyo: 2, 4, 8, 16, 32, na vizibo sita ni 64.

Sita hiyo ina historia yake. Kijana wa Ufaransa, Louis Braille, aliyepofuka akiwa mtoto, alitoa mwaka 1829 maandishi ya vipofu yaliyojengwa juu ya nukta sita, safu mbili za tatu tatu. Nukta ikiwepo au isipokuwepo, kama kizibo juu au chini. Herufi A ni nukta moja ya juu kushoto. B ni hiyo pamoja na iliyo chini yake. L ni zote tatu za kushoto. Kata trei ya mayai ibaki mashimo sita, tia mawe madogo, na watoto wasome kwa vidole wamefumba macho. Kama kijijini mwenu kuna mtoto asiyeona, kwa mchezo huu yeye ndiye atakayewafundisha wengine, basi mwiteni.

Tahadhari. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa ya rangi zisitumike kabisa, ni sumu. Pia zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, na mbegu za mbarika. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe mbegu, kwa maana wataziingiza puani au wasakamwe. Wao wacheze kwa makofi. Vizibo vyenye kutu tupa. Na mkifundisha siri, waambieni watoto ya kwamba namba ya siri ya M-Pesa ya nyanya si ya kuchezea, wala si ya kumtajia mtu yeyote.

Kijana wetu bado anachanganya 6 na 9 akiandika. Lakini wiki iliyopita alitumwa vikombe saba, akaleta saba, na kimoja cha ziada kwa ajili ya mgeni. Mamake hazungumzi tena habari ya kumtoa shuleni.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

Ni kazi gani za nyumbani kwenu zinazorudiarudia kwa mpango, ambazo mtoto anaweza kuzitabiri?

Nani katika kikundi chenu anasuka au anatunga shanga, na ni siku gani anaweza kuja nasari?

Mtoto gani kijijini ameitwa mzito, na ni nani kati yenu atakayemtembelea wiki hii na mfuko wa mahindi na maharagwe?