SOMO LA VIJANA: TUJUANE KABLA YA SIKU YA HATARI

Tarehe 21 Desemba 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawaamuru abiria wajitenge kwa dini. Waislamu walikataa kuwaacha wenzao Wakristo, na baadhi ya akina mama waliwapa hijabu wajistiri. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Matsangoni, Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa dini ya jadi wanaweza kutoka boma moja. Hata hivyo, kikundi cha vijana huweza kumtenga mtu bila kukusudia. Kwa hivyo, kikundi chenu kijiulize:

1. Mnakutana lini? Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi ziachieni ibada.
2. Mnapika nini? Chakula kikiwa halali, wote watakula pamoja.
3. Viongozi ni akina nani? Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasitoke dini moja.
4. Uvumi ukiingia kwenye simu, mtamuuliza nani? Wekeni nambari ya imamu, ya mchungaji na ya mzee wa mtaa, na muwapigie kabla ya kusambaza ujumbe.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Vijana, anzeni na ratiba ya mwezi huu: isomeni pamoja, mrekebishe panapomfungia mwenzenu mlango.