SOMO: KUTAYARISHA DUNGUSI NA MISHUBIRI KWA MASHINDANO YA KLABU



Mwamuzi wa mashindano ya mimea hupima matunzo ya miezi mingi kwa dakika chache. Somo hili laeleza anachokitazama, pamoja na makosa yanayomnyima mshiriki tuzo hata kabla uzuri wa mmea wake haujapimwa.

1. Lijue kundi la mmea wako

Kosa linalowagharimu wengi ni kuuweka mmea katika kundi lisilo lake. Kundi likiwa la madungusi, ambayo wengi huyaita kaktasi, mmea wa jamii ya mnyaa utaondolewa hata ukiwa mzuri namna gani. Mingi ya jamii hiyo ina shina nene na miiba, nayo hudhaniwa kuwa dungusi.

Ili kutofautisha, tazama chimbuko la miiba. Katika dungusi, miiba huchomoza kwenye kidoa kidogo chenye manyoya mafupi mithili ya sufu. Mimea ya jamii ya mnyaa haina kidoa hicho. Usiukate mmea ili kuchunguza utomvu: yapo madungusi yenye utomvu mweupe pia, na utomvu wa mnyaa huweza kudhuru macho vibaya.

2. Matayarisho

(a) Zungusha chungu kidogo kila juma, mmea usiinamie upande wa mwanga.
(b) Usiuhamishe ghafla kutoka kivulini hadi jua kali. Ukiungua, kovu halifutiki.
(c) Badilisha chungu majuma kadhaa kabla ya mashindano, kamwe si usiku wa kuamkia siku yenyewe.
(d) Ondoa vumbi kwa brashi laini, na majani makavu kwa mkono. Majani yenye unga mweupe wa asili yasiguswe, kwani unga ukifutika haurudi kwenye jani hilo.
(e) Kagua mizizi na mapengo ya miiba, usije ukapeleka wadudu weupe wanaofanana na pamba kwenye mimea ya wenzako.
(f) Osha chungu, tandaza changarawe safi juu ya udongo, kisha weka kibandiko chenye jina sahihi la mmea.

3. Mmea wako umetoka wapi?

Haifai kung'oa mshubiri porini kwa ajili ya mashindano. Mmea uliong'olewa juzi huonekana: mizizi haijashika, na majani yana makovu. Zaidi ya hayo, mishubiri mingi hukua polepole, na baadhi ya aina huota katika eneo dogo tu. Akija mchimbaji mmoja mwenye jembe, kizazi kizima chaweza kutoweka. Ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya mishubiri yote kati ya nchi na nchi, isipokuwa aina iitwayo Aloe vera. Panda mbegu, au omba chipukizi kwa jirani. Mwenye subira hula mbivu.

4. Maswali ya kujipima

(a) Utaitambuaje tofauti ya dungusi na mmea wa jamii ya mnyaa bila kukata?
(b) Kwa nini unga mweupe wa majani usiguswe?
(c) Je, waweza kumweleza mwamuzi, bila kusita, mahali ulikoupata mmea wako?

Mwenye shaka kuhusu jina la mmea wake amwone afisa kilimo wa kata mapema, kabla ya kujiandikisha.