Kufundisha Kazi ya Uhandisi wa Ujenzi katika Darasa la Sita

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, huwasikia wakiwauliza watoto wangependa kufanya kazi gani. Anayejibu "uhandisi" hupigiwa makofi, kisha somo huendelea. Mtoto huyo hakuelezwa mhandisi hufanya nini, wala hesabu iliyomshinda asubuhi ile inahusiana vipi na kazi hiyo. Tunapendekeza somo lifuatalo la vipindi viwili.

Shabaha: Mwanafunzi aweze kupima pembe mraba, kukokotoa ujazo wa zege, na kueleza njia ya kusomea uhandisi wa ujenzi.

Zana: Kamba, vigingi na futikamba.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi waende uwanjani. Kutoka kigingi cha pembeni wapime mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Wasogeze vigingi mpaka umbali baina ya ncha hizo mbili uwe mita 5 kamili. Hapo pembe ni mraba. Mafundi hutumia njia hii wanapopima msingi.

Hatua ya pili: Wakokotoe zege la sakafu ya mita 4 kwa 3, yenye unene wa sentimita 10. Wengi watapata 120. Mwalimu asilifute jibu hilo upesi. Awaonyeshe kuwa darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 2.5 lina mita za ujazo 120. Je, sakafu ya chumba kimoja yahitaji zege la kujaza darasa zima? Watatambua wenyewe kuwa sentimita 10 ni mita 0.1, na jibu ni mita za ujazo 1.2.

Hatua ya tatu: Mwalimu aeleze njia. Hapa Tanzania anayemaliza kidato cha nne na kufaulu hisabati na sayansi aweza kusomea stashahada ya uhandisi ujenzi, kwa mfano katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, akawa fundi sanifu, kisha akaendelea na shahada. Mwingine hupitia kidato cha sita na kuingia chuo kikuu kwa miaka 4. Baada ya shahada hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu. Wahitimu huajiriwa katika barabara, maji, reli na majengo, au huanzisha kampuni zao.

Tahadhari: Tusiwaahidi watoto utajiri. Kazi za ujenzi hufuata miradi. Mradi ukiisha, wengi hutafuta upya. Tueleze pia uzito wa dhamana. Mwezi Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kipimo kibaya si alama nyekundu daftarini tu.

Mwisho, tuchunge ndimi zetu. Msichana anayeambiwa darasani kwamba hesabu si zake hufungiwa njia hii yote kabla hajaiona. Katika somo hili, yeye naye akabidhiwe futikamba.