Tenga la nyanya limekosa bei? Pika rojo la Kihindi

Ndugu mkulima, usizimwage. Kaanga vitunguu 3 kwa moto mdogo mpaka viwe kahawia. Hapa ndipo wengi tunaharakisha, rojo linabaki na ladha ya kitunguu kibichi. Tia tangawizi na kitunguu saumu, kisha binzari nyembamba, giligilani na manjano, nusu dakika tu, visiungue. Weka nyanya kilo 1 zilizosagwa na chumvi, chemsha mpaka mafuta yaelee juu. Siku ya kula ongeza maji, tia kuku, dengu au mayai ya kuchemsha. Kwenye friji siku 3, friza miezi 3. Ila msilifungie kwenye chupa mkaweka kabatini. Mimi nilijaribu, vifuniko vikavimba, nikafukia chupa zote.